Nilifungua Koki Nikaenda Masasi

Mpendwa mshauri wetu wa gazetini, Mama Josephina, shikamoo.

Naomba msaada wako, na nakusihi uvumilie barua yangu hata pale nitakapotoka nje ya mada, maana nimeshaianza mara kadhaa, mara ya kwanza nikaamka kwenda kutafuta kalamu nyingine nikajikuta natengeneza kiti kibovu cha jirani, na mara ya pili sikumbuki ilikuwaje.

Mimi ni mwanamume wa makamo, mkazi wa Newala, nina mke na watoto na mjukuu, na ukiwauliza watu wa hapa kwetu watakuambia mimi ni mtu mwema, mcheshi, mwepesi wa kusaidia, ila usije ukanipa kitu chako nikushikie. Jina langu liache, mke wangu nitamwita Mama Anjelina kama wanavyomwita watu wote, na mimi ndiye huyo Baba Anjelina.

Zamani nilikuwa karani wa chama cha ushirika, na usicheke, nilikuwa karani mzuri. Bosi wetu, marehemu Mzee Nikolao, alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni asubuhi, ukifika anakuambia leo unaanza na hili, ukimaliza unamfuata anakuambia sasa fanya hili, na baada ya chakula anapita mezani kwako kuangalia umefika wapi, nami nilimsema sana nyuma ya mgongo wake kwamba ananichunga kama mbuzi. Basi soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho wakaingia, chama kikayumba, wafanyakazi tukapunguzwa, na wenzangu walilia lakini mimi nilirudi nyumbani napiga mluzi, nikamwambia mke wangu sasa utaniona.

Kweli aliniona. Enzi hizo kila kitu kilikuwa ruksa, na neno hilo kwa mtu kama mimi ni hatari. Nilijenga kibanda cha video, na kabla sijamaliza kukiezeka nilishanunua cherehani, na kabla sijajua kupitisha uzi nilikuwa Mtwara nafuata robota la mitumba, na robota lilipofika lilinikuta nafuga nyuki, mpaka nyuki wenyewe wakakata tamaa wakahama. Si kwamba nilikuwa mlevi au mvivu, Mama, nilikuwa nahangaika kutwa nzima, jua likizama nimechoka hoi, na ukiniuliza nimefanya nini leo nashindwa kujibu.

Kitu kimoja tu nilikimaliza maishani mwangu, nacho ni tangi la maji. Wewe unayekaa pwani hujui maana ya maji kwetu huku juu. Bomba likiwa zuri linatoa kwa zamu, likiwa baya halitoi kabisa, na anayetaka maji anashuka bondeni na ndoo kisha anapanda nayo mlima kichwani, na wanaoshuka ni wanawake. Mwaka ule nilishikwa na wazo la kujenga tangi la saruji la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, nikalijenga kama mtu aliyepagawa, nikisahau kula, nikisahau kuoga, mke wangu ananiletea uji nampokea bila kumwona. Likatoka tangi zuri ajabu. Watu walikuja kulitazama mpaka kutoka vijiji vya jirani. Mama Anjelina aliligonga kwa kiganja, akasikiliza, akaniambia, "Hapa umenioa mara ya pili." Kwa miaka kadhaa kiangazi kilikuwa kinaanza yeye akiwa na maji mlangoni.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mwaka huu masika yalipokwisha tangi lilikuwa limejaa pomoni. Mke wangu alikwenda kwao Chiwata kwenye msiba wa shangazi yake, watoto wakaenda shule, nikabaki peke yangu, na nikaamua nimfurahishe nifue nguo zote ili akirudi akute zimekauka kambani. Nikaweka ndoo chini ya koki, nikafungua. Maji yakaanza kutiririka. Hapo nikasikia kelele za watu barabarani, lori la mfanyabiashara mmoja lililokuwa limeleta salfa ya kupulizia mikorosho lilikuwa limezama mchangani, nikakimbia kusukuma. Nilisukuma sana, Mama, mimi ndiye niliyetoa wazo la kutandika matawi chini ya matairi. Lori lilipotoka dereva akasema yeye ni mgeni, hajui njia nzuri ya kurudia Masasi, nami nikamwambia hiyo naijua kama kiganja changu, nikapanda mbele nimwelekeze. Tukapiga stori njia nzima. Masasi nikakutana na rafiki, nikanunua bakuli la bati lenye maua kwa ajili ya Mama Anjelina, nikarudi jioni na gari jingine, moyo mweupe.

Nilipokaribia nyumbani nikaona bata wa jirani wanaogelea uwanjani kwetu. Bata wale tangu kuzaliwa hawakuwahi kuona dimbwi kiangazi, walikuwa na furaha kama wako arusini, na nakiri kwamba nilicheka, nikajiuliza nani kawafanyia hisani hii. Kisha nikamwona mke wangu. Alikuwa amerudi kutoka msibani, bado amejifunga khanga ya kilio, amesimama kwenye tope kando ya tangi. Koki ilikuwa imeshafungwa lakini ndani hapakuwa tena na maji ya kuzuia. Ndoo niliyoiweka ilikuwa bado imejaa. Ndiyo maji pekee yaliyobaki.

Nilianza kuomba radhi, nikaeleza habari za lori, na katika kueleza nikajikuta naiga jinsi dereva alivyokuwa anaongea, maana alikuwa na lafudhi ya kuchekesha. Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Baba Anjelina, sina hasira na wewe. Nimechoka kuwa kichwa chako." Akabeba ile ndoo akaingia ndani, na mimi nikabaki na bakuli langu la maua.

Kuanzia hapo akawa anashuka bondeni kila alfajiri. Hakunitukana, hakunisema kwa ndugu zake. Mwezi wa nane akateleza kwenye mteremko akiwa na ndoo kichwani, akavunjika mkono. Nilimpeleka hospitali Ndanda, wakamfunga plasta, na wakati tunangoja nikaambiwa nikae pale na kadi yake, nikakaa, lakini palikuwa na fundi anatengeneza jenereta uani, nikaenda kumwangalia kidogo. Aliyenifuata alikuwa tabibu mmoja aitwaye Lois, binti wa hapa Newala, aliyesoma darasa moja na binti yangu mkubwa. Alinisalimia shikamoo kwa heshima zote, akaniambia mke wangu ameshaitwa na kadi iko mfukoni mwangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakunikaripia. Alinikalisha akaniuliza maswali ya ajabu, kama shuleni nilikuwa natulia, kama nikipenda kitu nasahau hata njaa, kama naanzisha mambo mengi na kuyaacha, nikamwuliza ni mke wangu amekusimulia au umepiga ramli? Akasema zipo akili zinazofanya kazi hivyo tangu utotoni, hali hiyo madaktari wanaiita ADHD, alifundishwa habari zake kwenye mafunzo Dar es Salaam, na kwamba watu wanadhani ni ya watoto tu, lakini mtoto anakua nayo anakuwa baba wa watu. Akasema haahidi vidonge, ila upo msaada wa kukutana na mtu kila wiki, mnachagua pamoja jambo moja, mnalikatakata vipande vidogo, mnapanga utakumbushwa na nini, na wiki inayofuata anakuuliza ulifika wapi. Yeye huja Newala kila Jumamosi kumwona mama yake, na tayari kuna dereva na mwalimu mmoja wanaokaa naye barazani.

Nikaenda Jumamosi ya kwanza. Tukachagua mfereji wa bati uliokuwa umeng'oka, ule wa kuingiza maji kwenye tangi, na mama mshauri, niliurudisha, wiki hiyohiyo, mpaka nikahisi kulia. Lakini kaka yangu Yeremia akasikia, akanitangaza kilabuni kwamba mtu mzima mwenye mjukuu anafundishwa kukumbuka na binti mdogo kama mtoto wa chekechea. Watu walicheka na mimi nikacheka nao, tena mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikawaigiza jinsi anavyoniuliza. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Na iliyofuata.

Kana kwamba haitoshi, kijiji kinataka kujenga tangi kubwa la shule, na kwenye mkutano mtu akasema mwenyekiti wa kamati awe Baba Anjelina, maana hakuna aliyejenga tangi kama lake. Watu wakapiga makofi. Nami kabla sijajua ninachofanya nimesimama nashukuru. Mke wangu alikuwepo na mkono wake wa plasta. Tulipofika nyumbani akaniambia kwamba nikishika uenyekiti huo, yeye atakwenda kukaa kwao Chiwata, maana ya nyumbani ameweza kuyavumilia lakini hawezi kuwatazama watoto wa watu usoni.

Mama Josephina, je, huu ni ugonjwa au ni uzembe uliopewa jina la kizungu? Nirudi kwa Lois na aibu yote hii, au mtu anatakiwa ajirekebishe mwenyewe? Na uenyekiti nitaukataaje, wakati watu wameshanipigia makofi? Mke wangu nampenda. Hilo sijawahi kulisahau.

Ni mimi, Baba Anjelina, Newala.

*

Baba Anjelina, marahaba.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, na nitakuambia jambo ambalo hulijui. Hukuiposti wewe. Uliiacha juu ya mtungi, na mkeo akaiona, akaisoma, akaitia stempu. Chini ya jina lako ameandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda, nami nayaweka hapa maneno yake kama yalivyo:

"Mama, mimi ndiye mke. Aliyoandika ni kweli. Ila kuna kitu hakukuandikia, sijui amesahau. Tangu nivunjike mkono yeye ndiye anashuka bondeni kuchota maji. Mwanamume peke yake katikati ya wanawake, wanamcheka, anawachekesha, anapanda na ndoo. Hajaacha hata siku moja. Mimi najiuliza, mbona hili halisahau?"

Baba, nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kukuuliza nani anateka maji nyumbani kwako siku hizi. Nimeyafuta. Lakini usifurahi mapema, nimebaki na mengine.

Swali la mkeo ndilo swali zuri kuliko yote uliyoniuliza wewe. Nilimwandikia kumwuliza inakuwaje asubuhi, akanijibu kwamba wanawake wa jirani hupita wakiwa kundi, wanagonga, wanakuita, unatoka. Basi. Husahau kwa sababu unaitwa, unakwenda na wenzako, na kazi yenyewe ina mwanzo na mwisho unaouona kwa macho. Sasa rudi ukumbuke ofisi ya ushirika. Mzee Nikolao alisimama mlangoni, akakuambia uanze na nini, akapita kuangalia. Ulimwona anakuchunga. Alikuwa anakupa kitu ambacho kichwa chako hakikupi, na siku ulipopunguzwa kazini ulipiga mluzi. Anachokufanyia Lois ndicho hicho hicho, tofauti ni kwamba yeye anakifanya akijua, na anataka ujifunze kukipanga mwenyewe.

Unauliza ni ugonjwa au uzembe. Mimi si daktari, na gazeti halipimi watu. Lois amekuuliza maswali ya kitabibu, mrudie akamilishe kazi yake, na kama kuna daktari mwingine wa kukuona atakuelekeza. Lakini mvivu hajengi tangi kwa kusahau kula. Mvivu hasukumi lori la mtu asiyemjua. Walimu waliokuchapa ukiwa mdogo, kama walikuchapa, hawakujua, na wewe hukujua. Hilo nakuonea huruma kwa dhati. Kutokujua kumeisha sasa, na kuanzia hapa huruma yangu inapungua.

Maana nina ugomvi na wewe, nao si wa koki. Koki inasahaulika. Ugomvi wangu ni kicheko chako. Nimecheka niliposoma habari za bata, nakiri, niko peke yangu ofisini nikacheka kwa sauti. Kisha nikamkumbuka mwanamke aliyesimama kwenye tope na khanga ya msiba, akingoja umalize kuigiza lafudhi ya dereva. Unajidhihaki kabla watu hawajakudhihaki, na watu wanakupenda kwa hilo, lakini kila unapogeuza jambo kuwa kichekesho, linakuwa limeisha kwako na linabaki kwa mkeo. Kule kilabuni ulimwigiza binti aliyekutendea wema. Hapo hukusahau kitu, Baba. Hapo uliogopa. Usiuchanganye woga na maradhi, maana woga dawa yake iko mikononi mwako.

Kuhusu aibu ya kufundishwa na binti wa rika la mwanao: dereva anakwenda, mwalimu anakwenda, na kaka yako Yeremia hakuja kukushikia ngazi ulipokuwa unarudisha mfereji. Huyo mwache na kilabu chake. Akikuuliza, mjibu ndiyo, naenda, kisha nyamaza. Usiongeze kichekesho. Utaona ni vigumu, na utaona inawezekana.

Jumamosi nenda. Usiende na maelezo ya kwa nini hukuonekana, maana ukianza kusimulia saa zako zote zitakwisha. Mwombe radhi kwa kule kumwigiza, sentensi moja, mwendelee. Kikao hicho cha kurudi nenda na Mama Anjelina, akae kama mtu mwenye haki ya kusema yanayomwumiza, na baada ya hapo abaki nyumbani apumzike. Si kazi yake kukukumbusha wala kukuchunguza kama umefanya ulichoambiwa. Amekwisha kukuambia amechoka, na alikuambia kwa upole mkubwa kuliko uliostahili.

Mwambie Lois mchague jambo moja kwa wiki. Moja. Utatamani matano, uikatalie nafsi yako. Na kila jambo litafutie wito, kama ulivyo wito wa wale wanawake wa alfajiri: kengele ya kanisa, adhana, taarifa ya habari ya redioni, jirani anayekuja mfanye kazi pamoja. Kazi ya peke yako uwanjani, bila mtu, bila mwisho unaoonekana, ndiyo inayokuponyoka. Na ukiwa umefungua maji ya aina yoyote, shika koki kwa mkono mpaka ndoo ijae. Usiiachilie. Hata lori likipinduka, mkono ubaki pale.

Nyuki, cherehani na video, achana navyo kwanza. Sikatai kwamba una kipaji. Nasema kipaji chako hakijawahi kupewa nafasi ya kukaa chini.

Sasa uenyekiti. Mkeo ana haki, nawe usimfikishe Chiwata kwa ajili ya makofi. Mwenyekiti wa kamati ni mtu wa kufuatilia vitu vidogo kila wiki kwa miezi mingi, na wewe si mtu huyo, angalau si mwaka huu. Lakini ujenzi wa lile tangi unaujua kuliko yeyote kijijini, na kijiji kikikukosa kabisa kitapata hasara. Nenda kwenye mkutano ujao, ukae mbele, ombi lako liwe la kwanza ili usipate muda wa kuvutiwa na jingine. Sema hivi: "Nashukuru mlinichagua, lakini kufuatilia mambo kunanishinda, na maji ya shule si ya kujaribia. Mpeni mwingine uenyekiti, mimi nipeni ufundi, na msimamizi aniambie kila asubuhi tunaanza na nini." Usieleze zaidi. Usiwasimulie habari za bata. Wakicheka, wewe kaa chini.

Mama Anjelina, najua utalisoma hili gazeti kabla yake. Hukuolewa uje kumlea mumeo, na kuchoka kwako si dhambi. Huna la kumdai hapa ila ukweli na mwenendo, na kama miezi ikipita haendi kwa Lois wala hashiki jambo lolote, safari ya Chiwata iko mikononi mwako, wala hakuna atakayekulaumu akiwa na akili zake. Lakini umeuliza swali la mtu anayetaka kuelewa, na mumeo ameshuka mlima ule kila asubuhi bila kujisifu hata kwangu. Mpe hizo Jumamosi chache.

Nawe Baba, mkutano ukiisha usibaki kupiga soga, hata aje nani na habari gani. Nyoosha moja kwa moja nyumbani, umwambie mkeo kwamba umeukataa uenyekiti. Umwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa majirani.